Hukumu Isiyo na Mwokaji

Ukitaka kuona maandishi yanavyoweza kumfuta mtu, si lazima uanze na riwaya. Soma hukumu ya Lochner dhidi ya New York, iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani Aprili 1905. Nimeisoma mara tatu, vile ningesoma hadithi fupi, na kila mara nakwama palepale: mhusika mkuu yuko wapi?

Kisa chenyewe ni rahisi. Mwaka 1895 jimbo la New York lilipitisha sheria kwamba mwokaji mikate asifanye kazi zaidi ya saa 10 kwa siku au 60 kwa wiki. Joseph Lochner, mwenye bekari mjini Utica, akapatikana na hatia ya kumfanyisha mtu kazi kupita hapo, akapigwa faini ya dola 50. Akakata rufaa hadi juu kabisa na kushinda, majaji 5 kwa 4. Tena mmoja wa mawakili wake, Henry Weismann, alikuwa kiongozi wa chama cha waokaji wakati sheria hiyohiyo inapiganiwa. Mwandishi wa riwaya angeambiwa ametia chumvi.

Jaji Rufus Peckham aliandika kwa niaba ya wengi. Ati mwokaji ni mtu mzima mwenye akili zake, na uhuru wake wa kufanya mkataba unalindwa na Marekebisho ya 14 ya Katiba. Hayo ni marekebisho ya 1868, yaliyofuata vita vilivyokomesha utumwa. Yaani ngao ya waliotoka utumwani imeishia mkononi mwa mdosi. Peckham anaongeza kwamba usafi wa mkate hautegemei mwokaji amefanya kazi saa ngapi. Sawa, lakini nani alikuwa anauliza kuhusu mkate? Mtu aliyefanyishwa kazi aliitwa Aman Schmitter. Kwa Peckham yeye ni mfanyakazi tu. Kisha inakuja orodha ya kututisha: tukikubali hili, kesho itakuwa zamu ya wachapaji, maseremala na makarani wa benki. Mimi naisoma kama ahadi.

Wapenzi wa lugha humsifu Jaji Oliver Wendell Holmes, aliyepinga kwa maneno machache makali. Kweli, jamaa anaandika. Lakini ugomvi wake ni na majaji wenzake: wasiingize nadharia zao za uchumi ndani ya Katiba. Hata kwake humpati mwokaji akikohoa.

Anayekohoa yuko kwa Jaji John Marshall Harlan, ambaye watu humruka kwa sababu ni mrefu na mzito. Harlan ananukuu wataalamu: vumbi la unga linaingia mapafuni na machoni, joto na kukesha vinamchosha mtu, waokaji wachache hupita miaka 50. Sentensi zake hazipendezi, lakini kati ya maandishi hayo matatu ni yeye pekee anayekuonyesha kazi ni nini. Kwangu, hiyo ndiyo bora.

Mahakama iligeuka 1937, katika kesi ya Elsie Parrish, msafishaji vyumba vya hoteli. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kitaifa: angalau senti 25 kwa saa. Hata hiyo iliacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa nyumbani, na kule Kusini wengi wao walikuwa Weusi. Wa nyumbani walingoja hadi 1974.

Sisi tunaoandika kwa vibarua tunajua lugha ya Peckham. Mkataba wangu wa mwisho uliniita mshirika huru kuanzia mstari wa kwanza, na haukutaja popote siku ya malipo. Kwa hivyo ukiletewa karatasi inayosifu uhuru wako, tafuta kwanza imeandika wapi kuhusu mgongo wako, macho yako na kodi ya nyumba. Usipopaona, usisaini bado.