Mwenye Basi Asibebeshwe Betri

Mjadala wa mabasi ya umeme huanzia kwenye mota na chaja, lakini Nairobi imeonyesha kwamba fundo lenyewe liko kwenye fedha. Kampuni ya BasiGo ilipoanza majaribio mwaka 2022 kwa mabasi ya BYD K6, yenye viti 25 na uwezo wa kwenda kama kilometa 250 kwa chaji moja, ilijua kuwa betri ndiyo inayolipandisha bei basi la umeme. Ikaitoa kwenye bei. Mwenye basi alinunua gari kwa kiasi kinachokaribiana na cha basi la dizeli, betri ikabaki ya kampuni, naye akailipia kwa kila kilometa. Ada hiyo, iliyotangazwa kuwa shilingi 20 za Kenya, ilijumuisha chaji na matengenezo.

Utaratibu huo unaifaa hasa Moshi, mji ulio chini ya Mlima Kilimanjaro. Hiace na Coaster zinazopanda Marangu, Machame na Kibosho ni za watu binafsi, na dereva humpelekea tajiri hesabu kila siku. Tajiri wa gari moja hana mamilioni ya kununulia betri, ila fedha ya mafuta haikosi kutoka kila asubuhi. Ada ya kilometa inachukua nafasi ya fedha hiyohiyo.

Wapo wanaosema mlima utaimaliza betri. Tupige hesabu. Kulipandisha basi la tani 10 mita 500 juu kunahitaji takriban uniti 14 za umeme, mbali na zile za mwendo wa kawaida. Ni nyingi, lakini basi hilo litashuka. Dizeli iliyoungua hairudi kwenye tangi. Dereva hushuka akikanyaga breki hadi zinanuka, na nguvu yote inaishia kuwa joto. Mota ya umeme, gari linapoteremka, hugeuka jenereta. Ikirejesha nusu tu, uniti 7 zinarudi na breki zinadumu. Kwa sababu hiyo chaja ziwekwe mjini, si juu mlimani: betri iliyojaa haina pa kupokea umeme wa mteremko.

Hoja ya umeme wenyewe ina uzito zaidi. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, lakini liko Rufiji, na mwaka 2025 serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, ikitaja upotevu wa njiani. Jibu ni kuchaji usiku wa manane, matumizi ya majumbani yakiwa yamepungua, kwa transfoma ya kituo chenyewe. Gesi haitatuokoa: Dar es Salaam ilipata mabasi ya gesi ya njia ya Mbagala kwa kuwa bomba linafika huko. Moshi haina bomba.

Linalobaki ni mkataba. Mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa mlima huu walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU, ili mkulima mdogo asisimame peke yake sokoni. Wenye mabasi nao wajadili ada wakiwa kwenye ushirika, waanze na njia moja ya Marangu, na waandike mapema nani atabeba hasara betri ikichoka kabla ya wakati. Kifungu hicho kikiachwa wazi, mzigo ambao Nairobi iliutua utamrudia mwenye basi.