Fundi wa Kufuta

Kuku wa Singida hahitaji kutambulishwa. Amepanda mabasi ya Dar es Salaam kabla ya wengi wetu, akiwa ndani ya tenga juu ya keria, na hadi leo muuza chipsi wa Manzese atakuapia kwamba kuku wake katoka Singida, hata kama kamnunua Kibaha asubuhi ileile. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2010, Radio Maria Tanzania pamoja na shirika la Farm Radio International walipofungua huduma ya simu kwa wafugaji wa kuku wa kienyeji na kuiita Kuku Hotline, mimi niliona kama wametutaja sisi wa Singida kwa jina. Mfugaji alipiga namba, akasikia sauti ya Kiswahili ikimwelekeza abonyeze tarakimu apate maelezo, na mwenye swali aliliacha palepale kwa sauti yake mwenyewe. Hakuhitaji kujua kusoma. Hakuhitaji simu janja; kitochi kilitosha.

Chini ya huduma ile palikuwa na programu iitwayo Freedom Fone, iliyotengenezwa Harare na Kubatana Trust, waliopata ruzuku ya Knight Foundation ya Marekani mwaka 2008. Nayo Freedom Fone ilijengwa juu ya FreeSWITCH, mtambo wa simu wa programu huria ambao toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka huohuo. Upande mmoja kuna kifaa chenye laini ya kawaida ya simu, upande wa pili kuna kompyuta, na katikati kuna kazi ambayo hakuna mpigaji anayeifikiria: kuipokea sauti ya mtu, kuikata vipande, kuvifunga ndani ya pakiti na kuvifikisha kwa mpangilio. Mafundi huita sehemu hiyo lango la sauti.

FreeSWITCH ingali hai, ina watunzaji. Freedom Fone imenyamaza. Haikuvunjika, maana programu haioti kutu wala hailiwi na mchwa. Mistari iliyoandikwa siku ya kwanza ipo vilevile. Kilichobadilika ni dunia iliyoizunguka. Mifumo ya kompyuta ilisogea, vifaa vya laini vikatoka sokoni na vingine vikaingia, na hapakubaki mtu wa kusogea pamoja navyo. Fedha ya kujenga ilipatikana. Fedha ya kukaa na kilichojengwa ni hadithi nyingine, na sidhani kama ni hadithi ya Harare peke yake.

Nilianza kuyafikiria haya kwa sababu ya kijana mmoja wa pale Ipembe, Singida mjini, ambaye hupenda kuniacha nikae nyuma yake anapofanya kazi. Ananiita mwalimu, maana nilimfundisha dada yake. Chumba chake ni kidogo: meza, kompyuta mbili, kisanduku cheusi chenye antena nne kama pembe, na vitochi viwili vya kujaribia simu. Anatunza mitambo ya simu ya ofisi chache, yote ikitumia Asterisk, ile programu huria iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999 kule Alabama, alipohitaji mtambo wa simu kwa ajili ya kampuni yake changa na kuona bei haishikiki.

Nilitarajia kumwona akiandika. Nikamwona akisoma. Alisoma muda mrefu sana, akipanda na kushuka ndani ya faili moja, akarudi nyuma miaka kadhaa kutazama nani aliweka mstari fulani na alitoa sababu gani. Mwishowe akafuta mistari isiyozidi kumi. Akapiga simu kutoka kitochi kimoja kwenda kingine, akasikiliza, akanyamaza, akasema neno, akasikiliza tena.

"Mwalimu, kuongeza kila mtu anaweza," akaniambia. "Kufuta ndiko kunataka moyo."

Baba yangu alikulia ndani ya tembe, nyumba yetu ya asili yenye paa la udongo lililobebwa na nguzo. Nguzo ikiliwa na mchwa huwezi kuwaambia watu wahame. Unasimamisha mhimili wa muda pembeni, unaupigapiga uone kama umeshika uzito, kisha unaitoa ile mbovu taratibu huku bibi amelala chumba cha pili, na kazi ikienda vizuri bibi haamki. Kuupanga upya msimbo wa mtambo wa simu ni kazi hiyohiyo. Kinachofanywa na programu hakibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni namna inavyojibeba. Majaribio ndiyo mhimili wa muda. Sifa ya fundi ni kwamba hakuna aliyejua kwamba alipita.

Katika Asterisk mfano wake mkubwa ni sehemu iliyoitwa chan_sip. Kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba karibu simu zote za intaneti za mtambo huo, ikavimba hadi faili moja likapita mistari 30,000. Kila aliyepita aliongeza chumba. Mrithi wake, chan_pjsip, aliingia na toleo la 12 mwaka 2013, lakini yule mzee hakutupwa nje siku ileile. Mwaka 2019, katika toleo la 17, ikatangazwa rasmi kwamba muda wake unakwisha. Mwaka 2023, katika toleo la 21, akaondolewa, na pamoja naye sehemu ya zamani ya MGCP, lugha ambayo mitambo hutumia kuliamuru lango la sauti: fungua njia hii, unganisha na ile, funga. Miaka kumi ya kuishi nyumba moja na mrithi wako. Ni serikali chache zenye adabu hiyo.

Lakini lililonikaa mimi moyoni ni kimya.

Kijana alinieleza kwamba sauti yetu haisafiri kama maji ndani ya bomba. Hukatwa vipande vya milisekunde 20, kwa hiyo kila sekunde ya maneno yako ni pakiti 50, kila moja ikiwa na namba yake na alama ya wakati wake. Unaponyamaza, simu ya mkononi hupunguza kutuma ili kuokoa betri na nafasi hewani. Hapo upande wa pili ungesikia utupu kamili, na mtu akisikia utupu kamili huamini simu imekatika. Basi mafundi wakaona ni lazima kitengenezwe kivumo chembamba, kama upepo wa mbali, kichezwe sikioni mwa msikilizaji mpaka mwenzake atakapoanza tena. Hilo wameliwekea hata kanuni ya kimataifa, iliyotolewa mwaka 2002. Watu wazima, wahandisi, walikaa mezani kujadili kimya kisikike vipi.

Wazee wetu wa Kinyaturu na Kinyiramba hawazungumzi kwenye simu mbiombio. Salamu ni ndefu: nyumba, watoto, mvua, ng'ombe, jirani aliyekuwa mgonjwa. Katikati kuna kutulia. Habari nzito ikitajwa, anayeisikia hunyamaza kwanza, na kunyamaza huko ni heshima, ni sehemu ya jibu. Mtambo uliotunzwa vibaya haujui hivyo. Alama za wakati zikikosewa baada ya kimya, neno linalofuata hufika limechelewa au limekatwa kichwa. Na katika Kiswahili kichwa cha neno ndicho kinachobeba kukana: ukiipoteza "h" ya "hatapona", aliyeko Dar es Salaam akisubiri habari za mama yake amesikia "atapona". Yule mtu anayepanga upya msimbo wa lango la sauti akiwa Berlin au Alabama hajui Kiswahili. Ila amehangaika wiki nzima na hesabu ya alama hizo za wakati baada ya kimya, kwa ajili ya mtu asiyemjua. Mimi hilo naliita utu, na sioni haya kulitumia neno hilo kwa kazi ya kompyuta.

Zamani fundi simu tulimjua kwa sura. Manyoni, kando ya reli ya kati, alikuwa na baiskeli, mkanda wa ngozi na vyuma vya kupandia nguzo, na watoto tulimfuata tukitaka kusikia anavyosema na mwenzake wa stesheni ya mbele kupitia simu ya kukoroga. Sikio lake lilijua waya uliogusana na tawi na waya ulioingiwa na maji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka 1977 na shirika lake la posta na simu likagawanyika, likaja letu wenyewe la Posta na Simu, kisha mwaka 1994 TTCL ikasimama peke yake, na mwaka huohuo simu za mkononi zikaingia nchini. Nguzo zikaanza kuegemea, waya za shaba zikaibwa. Sisemi turudi huko. Kusubiri simu ya Dar nusu siku kwenye benchi la posta hakukuwa raha. Nasema tulipoteza sura ya mtunzaji. Sasa sauti ikikwama tunasema "mtandao umesumbua", kama vile mtandao ni mvua.

Mtunzaji yupo. Ukitaka kumwona akiwa kazini, tazama mradi wa Osmocom, ulioanza mwaka 2008 Ujerumani kwa watu waliotaka kuuelewa mtandao wa GSM kwa kuujenga wenyewe. Kwa miaka kadhaa walikuwa na programu moja iliyobeba mtandao mzima. Mwaka 2017 wakaipasua, kila kazi ikapewa nyumba yake, na lango la sauti likawa programu inayojitegemea, OsmoMGW. Tangu hapo limeendelea kupapaswa kidogo kidogo. Kiraka hakiingii mpaka mtu mwingine akisome na kukikubali. Kijana wa Ipembe hunifungulia mabishano yao kama vile wengine wanavyofungua mpira. Mtu kaleta mistari mitatu. Mwenzake kamuuliza kwa nini jina hili na siyo lile, na itakuwaje simu ikikatwa katikati ya kubadilishwa. Huyu karudi, kaandika upya. Hakuna matusi, hakuna haraka. Programu za namna hii ndizo zilizowezesha kijiji cha Talea de Castro, Oaxaca, kule Meksiko, kuwasha mtandao wake chenyewe wa simu za mkononi mwaka 2013, baada ya kampuni kubwa kukiona hakina faida.

Huku kwetu tunao Mkongo wa Taifa unaopita Singida, tunao Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na kila mwaka minara inazinduliwa kwa utepe na ngoma. Nimehudhuria uzinduzi, nimekula pilau. Sijawahi kualikwa kwenye sherehe ya mtambo uliotimiza miaka kumi bila kuzima, wala sijaona cheti kikitolewa kwa mtu aliyepunguza mistari elfu mbili na simu zikaendelea kupita. Vijana wanaomjia kijana wangu kutaka kujifunza huuliza watatengeneza programu gani mpya. Akiwawekea mbele faili la mtu mwingine na kuwaambia wasome kwanza mwezi mzima, wengi hawarudi. Siwalaumu sana. Hakuna tangazo la kazi linaloomba msomaji.

Na programu huria tunaipenda kwa sababu ni ya bure, tukasahau kwamba imefunguliwa ili tuingie jikoni. Tunaipakua, tunaisimika, fundi analipwa mara moja, basi. Iko ofisi moja mjini hapa ambayo simu zake zote zinapitia kompyuta iliyowekwa chini ya ngazi, ikiendesha Asterisk ya zamani yenye chan_sip ileile iliyokwisha kuondolewa. Inafanya kazi. Juu yake wameweka maboksi ya karatasi za kuchapia, na kijana wangu aliomba aifungue kabla haijaleta matatizo, akaambiwa asiguse kisichoharibika. Nenosiri lake analijua aliyeisimika, naye alihamia Dodoma na amebadilisha namba ya simu.