Kuupima Ukurasa wa Wavuti Mwaloni Kibirizi

Tovuti nyingi hupimwa ofisini, kwenye kompyuta mpakato mpya na mtandao usiokatika. Kipimo hicho hakinitoshi. Ipeleke tovuti mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, asubuhi dagaa wanaposhushwa, uifungue kwa simu ya bei nafuu na bando la siku.

Tuseme ni ukurasa wa bei za dagaa na migebuka. Tazama kwanza kinachoonekana kabla JavaScript haijafika. Komponenti za wavuti humruhusu fundi kubuni tagi yake, mradi jina liwe na kistari, kama vile bei-dagaa. Kivinjari kisichoijua bado tagi hiyo hakigomi: huonyesha tu maandishi yaliyomo ndani. Fundi hodari huziweka bei humo kwa HTML ya kawaida, kisha JavaScript ikifika huongeza kupanga na kuchuja. Mwingine huiacha tagi tupu, na mchuuzi wa Ujiji anabaki na skrini nyeupe huku bando likiliwa. Zima JavaScript kwenye mipangilio ya kivinjari, ufungue upya. Bei zikibaki, kazi hiyo ina fundi.

Linganisha na meli ya Liemba: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kuletwa Kigoma katika masanduku 5,000, ikaunganishwa hapa na kushushwa ziwani 1915. Meli haielei mpaka ikamilike. Ukurasa unaweza kuelea na kipande cha kwanza tu, na anayeunyima uwezo huo ameuharibu.

Sasa tumia kidole gumba. Picha ya dagaa isiyotengewa upana na urefu ikichelewa kushuka, husukuma kitufe cha kupiga simu chini, na kidole kinaangukia tangazo. Google hukipima kiruko hicho kwa jina la CLS na kutaka kisizidi 0.1. Dawa yake ni namba mbili tu kwenye tagi ya picha. Kuzikosa ni uzembe.

Mguso nao ujibiwe upesi. Tangu Machi 2024 kipimo cha Google cha hilo ni INP, na milisekunde 200 ndizo mpaka wa uzuri. Hapa bando kubwa halisaidii: JavaScript ikishashuka lazima ichambuliwe na kutekelezwa na prosesa ileile ndogo inayopokea miguso. Uliza kila komponenti imebeba maktaba gani. Komponenti kumi zenye nakala kumi za maktaba moja zitaigandisha simu hata zikipendeza vipi.

Mwisho fungua mara ya pili. Ukurasa unaoshusha kila kitu upya hauna huruma na mfuko wa mtu. Kisha zima data kabisa: bei za mwisho zibaki zikionekana, na tarehe yake iandikwe kwa herufi kubwa, asije mama wa dagaa akauza leo kwa bei ya juzi.