Pumzi: Dakika Chache za Kiu

Mombasa ni kisiwa, lakini kiu inaijua. Sehemu ya maji yake hutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na mifereji ikikauka, mikokoteni ya mitungi ndiyo huokoa Mji wa Kale. Hata Wareno walioanza kujenga ngome ya Fort Jesus mwaka 1593 hawakusahau birika la maji ya mvua.

Basi mtu wa hapa hahitaji mkalimani mbele ya Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009.

Kahiu, mzaliwa wa Nairobi, hakuwa ametimiza miaka 30 alipoitengeneza. Katika hadithi yake, ni miaka 35 baada ya vita vya maji. Watu wanaishi wamefungiwa ndani, jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena, na anayeota ndoto huamriwa ameze kidonge. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo wenye uhai. Anatoroka na mche wake hadi jangwani. (Jangwa lenyewe lilipigwa picha Afrika Kusini.)

Maneno ni machache, na hapo ndipo ustadi ulipo: tone moja la jasho linatisha kuliko bunduki. Mwisho wake ni mchungu, tena mzuri, hatuufichui.

Januari 2010 ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani. Itafute uitazame usiku, bilauri ya maji ikiwa karibu.