Ligeuzeni Muone! Fedha na Mapindo ya Chiang Mai

Ligeuzeni! Jamani, kabla hamjauliza bei, kabla hata hamjasifia rangi, ligeuzeni pindo mtazame upande wa ndani. Niko Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, na mkononi nina pha sin, ile nguo ya kuzungushia kiunoni wanayovaa wanawake wa huku. Pindo lake limefumwa Mae Chaem, ng'ambo ya mlima Doi Inthanon. Nilitegemea kukuta nyuzi zinaning'inia na mafundo kibao. Wapi! Nyuma ni safi kiasi kwamba ukiivaa ndani nje hakuna atakayekucheka.

Na sasa sikieni linavyofumwa. Pindo hili, tin chok, hutengenezwa kinyumenyume: upande mzuri unatazama chini, mfumaji anaona mgongo tu. Anashika mwiba wa nungunungu, naam, nungunungu! Kwa ncha yake anainua nyuzi chache za mtande, anapenyeza uzi wa rangi, anaukaza, anahamia penye rangi nyingine. Uzi huo hauvuki upana wote wa nguo. Kila rangi ina kiwanja chake kidogo, ndiyo maana kazi haiharakishwi hata ukilia. Ndege na vyungu vya maji vinaota upande asiouona, na chini kabisa wekundu unawaka.

Nikadhani nimemaliza kushangaa. Nikaenda Wua Lai.

Huu ni mtaa wa wafua fedha, kusini mwa mji mkongwe. Mababu zao waliletwa kutoka pande za mto Salween na mtawala Kawila, aliyekuwa akiujaza watu upya mji uliobaki mahame baada ya vita na Waburma. Mwaka 1796 ndipo Chiang Mai ilipoanza kukaliwa tena. Na huku nako kazi inaanzia nyuma! Fundi anagonga bakuli kwa ndani mpaka nje kuvimbe, kisha analituliza kwenye utomvu mgumu na kuchora upande wa nje kwa tindo ndogondogo. Ko-ko-ko, siku nzima. Nililoshika mimi limezungukwa na wanyama 12 wa mzunguko wa miaka, na pale Wachina wanapoweka nguruwe, watu wa Lanna, yaani wa huku kaskazini, wameweka tembo. Tembo mwenye mikunjo ya ngozi mgongoni, jamani, kwenye fedha nyembamba hivyo! Mabakuli haya, salung, ndiyo yanayobeba maji ya manukato wakati wa Songkran, mwaka mpya wa mwezi wa Aprili.

Wat Sri Suphan, hekalu la hapo hapo mtaani, sijui niliseme vipi. Jengo la ibada limevikwa metali iliyogongwa kwa mkono, kuta hadi paa. Wanawake hawaingii ndani, lakini kuta za nje peke yake zinamaliza mchana. Si fedha tupu, kuna aluminiamu pia. Anayetaka kukunja pua akunje, nyundo ni ile ile.

Dukani ndipo muwe macho, maana aluminiamu nayo hung'aa: ulizeni waziwazi. Kitambaa kilichochapwa kinajisema chenyewe, rangi imefifia nyuma. Jumamosi jioni barabara ya Wua Lai hugeuka soko la waenda kwa miguu na umati hauna mfano. Nendeni mapema, mafundi wangali wanagonga.