Mvua Haichagui wa Kufa

Mvua zinapochelewa, sisi wa Zagayu hutazama mawingu, kisha hutazama ghala. Kuna jambo la tatu tusilolitaja kwa sauti: usalama wa bibi zetu. Katika Usukuma wetu, mauaji ya vikongwe wanaodhaniwa kuwa wachawi yamekuwa aibu ya miaka mingi, na mahubiri yetu huyaeleza mara nyingi kwa neno moja tu: shetani. Tunaamini kwamba shetani yupo. Lakini jibu hilo likisimama peke yake hutuacha sisi na mikono safi. Yafaa tulipime pamoja na majibu ya wengine.

Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria, alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1963 kwamba ukali ni silika, kwa mwanadamu kama kwa mnyama, nao hujaa ndani mpaka upate pa kutokea. Ni kweli kwamba hakuna aliyezaliwa bila hasira. Lakini hasira inayojaa kama maji ya lambo ingemfurikia yeyote aliye karibu. Sivyo ilivyotokea kwa jirani zetu wa Meatu.

Huko ndiko Edward Miguel, mchumi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikofanya utafiti aliouchapisha mwaka 2005. Aliona kwamba katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya "wachawi" yaliongezeka karibu maradufu, ilhali mauaji mengine hayakuongezeka. Waliouawa walikuwa hasa wanawake wazee, na wauaji kwa kawaida walikuwa ndugu zao.

Tunamshukuru kwa kazi hiyo, maana inatuondolea kisingizio kwamba mambo haya hutokea tu. Hata hivyo, haitoshi. Njaa inaeleza ni mwaka gani damu itamwagika. Haielezi kikamilifu mtu anawezaje kumwinulia panga mama aliyemlea. Kabla ya hapo lazima bibi avuliwe ubibi wake. Mtoto hufa kwa malaria. Msibani mtu hunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mganga hupiga ramli. Macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi kavu kwa miaka mingi ya kutupikia sisi, hugeuka kuwa ushahidi. Anayeshika panga hajioni muuaji. Anajiona mlinzi wa nyumba yake, na waliomzunguka wamekwisha kumpa ruhusa kwa kunyamaza.

Tukirudi kwenye Mwanzo sura ya 4, tunamkuta Kaini, mkulima ambaye sadaka yake haikukubaliwa. Uchungu wake tunaufahamu. Ni wa mtu aliyetoa jasho na kuona mwenzake ndiye anayebarikiwa. Tumezoea kukumbuka swali ambalo Mungu alimuuliza baada ya mauaji, la kumtafuta ndugu yake. Tunalisahau lile la kwanza. Mungu alimwendea Kaini damu ikiwa bado haijamwagika, akamuuliza sababu ya hasira yake na kumwonya.

Hapo ndipo kanisa letu linaposhitakiwa. Sisi hufika baadaye, na jeneza. Na wakati mwingine hufika mapema kwa ubaya: tunaombea watu dhidi ya "adui aliye ndani ya ukoo" bila kumtaja, na kila mmoja hurudi nyumbani akiwa na jina lake moyoni. Sheria ya Uchawi, yenye asili yake mwaka 1928, inakataza kumtuhumu mtu uchawi. Lakini mara nyingi sheria huitwa mtu akiwa amekwisha kuzikwa.

Basi na tuanze pale Mungu alipoanza. Msibani, mtu akiuliza ni nani aliyefanya, tuutaje ugonjwa kwa jina lake. Mwaka wa njaa, kapu la kwanza la mahindi la kanisa lipelekwe kwenye nyumba yenye kikongwe, nalo likabidhiwe mkononi mwake, wanawe wakiona. Na kijana aliyekunja uso tumwendee jioni ileile, tumuulize kinachomsumbua. Bwana atujalie kuuliza mapema, tusije tukaulizwa sisi mama yetu yuko wapi.