Bwana Msa Apande Basi Aje Mbeya

Wanaoniuliza nani kanifundisha kuandika riwaya za upelelezi hutegemea nimtaje Willy Gamba. Kweli, Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba niliisoma mpaka kurasa zikachomoka. Lakini Willy kazi yake ni bastola na ndege, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa naye ni mtanashati wa mjini.

Mwalimu wangu ni Bwana Msa. Kiko chake, na Najum anayemfuata nyuma, ni vya kuazima kwa Sherlock Holmes; hilo halifichiki. Ila katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla anailaza maiti mzimuni, pale ambapo wengi wangesema mizimu imeua, yamekwisha. Bwana Msa hatafuti mzimu, anatafuta mtu.

Huku kwetu Mbeya watu waliuawa wakachunwa ngozi, tukasema uchawi. Jamani, uchawi haushiki kisu! Kisu kina mwenyewe, na ngozi ina mnunuzi. Basi kijana wa Mbeya au Iringa anayeanza kuandika, bastola aiache. Amtafute mnunuzi.